Kumi na Tisa ya Mauwa

Uongo wa Mauwa ulikuwa na makazi yake: mlango wa banda la baba yake, Tabata, ambako ulikuwa umeandikwa kwa chaki nyeupe. Hamsini na moja. Mwaka jana, akiwa kidato cha tatu, alimwambia baba kwamba hizo ndizo alama alizopata kwenye hesabu, na kwamba ripoti yenyewe shule ilikuwa haijaitoa. Mzee Ismail alikuwa mchonga vinyago, na hakujua kufurahi kimyakimya. Akaziandika mlangoni ili kila mteja azisome kabla hajagusa kinyago.

Ukweli ni kwamba siku ya mtihani ule Mauwa alikuwa nyuma ya vyoo vya shule, yeye na wenzake kumi na saba. Mwalimu Gaspar, aliyewafundisha wakati huo, alikuwa na msemo wake: "Asiyejiweza asije kuniharibia wastani wangu." Sasa mtoto akishaambiwa hivyo, afanye nini? Wakaenda zao, na Gaspar hakuuliza wako wapi.

Januari akaja Mwalimu Venance, kijana mwenye mashati mawili na sauti ya watu watatu. Mada ya kwanza aliyoirudia ilikuwa takwimu. "Mtu akikutajia wastani," aliwaambia, "usimpigie makofi. Muulize kwanza amehesabu wangapi." Wale wakimbizi wa vyooni aliwatafuta mmoja mmoja, akawa anabaki nao mchana baada ya masomo, akawaahidi kwamba siri yao haitatoka mdomoni mwake. Mtihani wa Juni ulipofika, darasa zima la watu arobaini na sita likaketi. Mauwa akapata kumi na tisa. Kumi na tisa kwa mia! Lakini alizitolea jasho mwenyewe, na alijua kila alama imetoka kwenye swali gani. Nyumbani hakusema kitu.

Jumamosi moja mkuu wa shule, Madam Editha, akaita kikao cha wazazi wa kidato cha nne. Wanafunzi waliketi nyuma. Ubaoni aliandika namba mbili: mwaka jana 45, mwaka huu 38.

"Wazazi wangu, wastani wa hesabu umeshuka, na mtihani wa taifa ni Novemba," alisema. "Nimeona darasa lirudishiwe Mwalimu Gaspar. Mwalimu Venance atakwenda kidato cha kwanza."

Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Gaspar akaiweka tai yake sawa. Venance akatazama viatu vyake. Angeweza kujitetea kwa sentensi moja, lakini alikuwa ameahidi. Mauwa alimwonea uchungu. Gaspar akirudi, Novemba itamkuta yeye nyuma ya vyoo vilevile. Akanyoosha mkono kabla woga haujamwahi.

"Madam, naomba nafasi. Shikamooni wazazi. Hiyo arobaini na tano ya mwaka jana ni ya watu ishirini na wanane tu. Sie darasani tupo arobaini na sita."

Mama mmoja wa mstari wa mbele akageuka. "Na hao wengine walikuwa wapi, mwanangu?"

Angeweza kusema hajui. Baba yake alikuwa mstari wa pili, kofia kichwani, anamtazama kwa fahari ya hamsini na moja. Wazee walisema mficha uchi hazai, ila hawakusema kujifunua kunavyouma.

"Walikuwa nyuma ya vyoo, mama. Mie nilikuwa mmoja wao."

Fahari ikamtoka baba usoni. Mauwa aliiona ikitoka, na hakusimama hapo. Alikwenda moja kwa moja hadi ubaoni, akachukua chaki.

"Ishirini na nane mara arobaini na tano ni elfu moja mia mbili na sitini. Wale waliokimbia wape sifuri yao, halafu gawanya kwa darasa zima. Unapata ishirini na saba. Mwaka huu tumefanya wote, tumepata thelathini na nane. Jamani, hapo tumeshuka au tumepanda?"

"Na wale wanaojiweza?" Gaspar akadakia. "Si mmewadumaza?"

"Nimewajumlisha wale wale ishirini na wanane, mwalimu, kwenye matokeo yaliyobandikwa mlangoni mwa darasa. Sasa wana wastani wa arobaini na tisa. Sie waharibifu ndio tuna ishirini na moja. Mie mwenyewe nina kumi na tisa."

Madam Editha, ambaye somo lake lilikuwa historia, akachukua chaki akagawanya mwenyewe, taratibu. Akagawanya tena. Kisha akafuta ile 45, akaandika 27.

"Mwalimu Venance anabaki," alisema, na huko nyuma madawati yakapigwa mpaka Gaspar akalegeza tai.

Njia nzima kurudi nyumbani Mzee Ismail alitangulia mbele. Alipofika bandani akasimama mbele ya mlango wake.

"Hii uliitoa wapi?"

"Niliitunga, baba. Nisamehe."

"Umenifanya niwatambie watu kitu ambacho hakipo. Imeniuma, Mauwa."

"Najua, baba."

Akaifuta hamsini na moja kwa kiganja. Akaingia ndani, akatoka na patasi na nyundo, akaanza kuchonga kwenye ubao wa mlango. Mauwa akasimama pembeni, machozi yanamtoka, vipande vya mti vinaangukia miguuni pake. Moja. Tisa. Zilikuwa kubwa, za kina, zenye kingo safi kama kazi ya mteja anayelipa vizuri.

"Chaki ni ya uongo," alisema baba. "Hii umeisema mbele za watu, haifutiki."

Kisha akapima kwa vidole, akachora kwa penseli nafasi nyingine chini yake. "Hapa ni pa mtihani wa majaribio wa Agosti."

Mauwa akajifuta macho, akaitazama ile nafasi. "Baba, mbona umeacha nafasi ya tarakimu tatu?"

"Mlango ni wangu," alisema Mzee Ismail, akapuliza vumbi la mti. "Wewe kasome."