Chuma Kinene cha Paskazia

Pasaka ile, gari lilipokata kona ya Jiwe la Kenge, Dorotea wa kwaya alitoka kwenye kiti chake akatua mapajani mwa katekista, na wapo wanaosema hakuwa na haraka ya kunyanyuka. Gari lililalia upande mmoja mpaka vioo vya kushoto vikawa vinatazama mtaro. Jonathan, aliyekaa mbele kando ya mama yake Paskazia aliyekuwa akiendesha, akavuta breki ya mkono. Wakasimama katikati ya vumbi, akina mama wa kwaya wengine wanalia, wengine wanacheka, mmoja anatafuta kiatu.

Wiki hiyohiyo kikao cha ukoo kikakaa nyumbani kwa Jonathan. Soda zikanywewa, mjomba mmoja akasinzia, na mwishowe ikaamuliwa kwamba Paskazia amezeeka, asiendeshe tena. Jumamosi Jonathan akachukue funguo. Paskazia mwenyewe hakuitwa. Aliletewa uamuzi kama mgonjwa anavyoletewa majibu ya damu.

"Amezeeka nani?" alimuuliza mbuzi wake, maana ndiye aliyekuwa karibu.

Mbuzi akaendelea na majani.

Usukani ule aliushika tangu mumewe afariki. Akina mama wa kwaya wote magoti yao mabovu. Bila gari lile hakuna msiba wangefika kuimba. Wangebaki huko huko milimani Ilemela wakiwaimbia pimbi kwenye mawe. Na kulikuwa na jambo lililomkereketa zaidi: yeye aliendesha vilevile kama zamani. Gari ndilo lililobadilika. Kona ile ile aliyoikata miaka yote akitafuna karanga, siku hizi gari likiifikia tu linalala kama limetandikiwa kitanda.

Akaenda Buzuruga, gereji iliyo nyuma ya stendi, kwa fundi mmoja msichana aitwaye Queen. Queen aliingia uvunguni, akakaa kidogo, akaita.

"Bibi, njoo uone mwenyewe."

Paskazia akatandika kanga chini, akalala chali, akajisukuma uvunguni. Gereji nzima ikaacha kazi kumtazama.

"Hapa palitakiwa pawe na stabilaiza," Queen alisema, akimwonyesha matundu matupu. "Ni chuma kirefu, kinashika gurudumu la kushoto na la kulia. Ukikata kona, gari likitaka kulala upande mmoja, chenyewe kinakataa. Cha mbele kimetolewa chote. Cha nyuma kipo, ila bushi, ile mipira yake, zimekwisha."

"Kimetolewa na nani?"

"Ndiyo dawa ya mafundi wengi wa huku. Barabara za mawe zikishamaliza linki zake, vile vishikio vya kukiunga na magurudumu, kinaanza kugonga, ngo ngo ngo. Mwenye gari anakereka. Badala ya kufunga linki mpya, wanafungua chuma chenyewe. Kelele zinakwisha."

"Na kona zinakwisha."

"Na kona, Bibi."

Paskazia aliikumbuka ngo ngo ngo ile. Akamkumbuka na aliyekereka nayo. Jonathan ndiye aliyelipeleka gari kwa fundi wake, akalirudisha likiwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, naye mama mtu akamshukuru kwa kuku.

"Kumbe nilikuwa naendesha godoro."

"Tena la sponji. Sasa, cha zamani kilikuwa chembamba. Pale nje kuna gari la mizigo la jamii hii hii linakatwa vipuri. Chuma chake kinene, na kinaingia mle mle, mbele na nyuma. Nikufungie kipi?"

"Kinene. Maisha yangu yote sijawahi kushukuru kwa chembamba."

Queen akacheka mpaka akagonga kichwa kwenye ekzosi.

Alipomaliza kufunga, vyuma viwili, linki mpya na bushi mpya, akafuta mikono akasema, "Ila chuma si malaika, Bibi. Kwenye kona mwendo bado unapunguza."

"Ndiyo, fundi," alijibu Paskazia, na kwa mara ya kwanza wiki ile akawa ameambiwa la kufanya na asichukie.

Jumamosi Jonathan akafika, shati jeupe, uso wa kikao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, nimekuja kwa lile jambo."

"Najua. Leo tuna msiba Kisesa, kwaya imeshapanda. Panda na wewe. Tukifika, kama bado unazitaka funguo, uniombe."

"Mama, kikao kiliamua—"

"Kikao kipo hapa garini? Panda. Na hilo sufuria upakate, ni maziwa ya mgando ya wafiwa. Ukimwaga, utawaeleza wewe."

Sufuria lilikuwa kubwa, zito, limefungwa kwa kitenge. Jonathan akalikumbatia kwa mikono yote miwili, akiliangalia shati lake kwa huruma.

Wakaanza kuteremka. Jiwe la Kenge lilipotokeza, sauti zikakatika nyuma. Dorotea akashika kiti.

"Mama Jonathan, leo katekista hayupo," alisema. "Ukinirusha nitatua kwa nani?"

"Leo hutui popote, dada. Kaa na hasara yako."

Paskazia akapunguza mwendo, akaingia kwenye kona. Jonathan akafumba macho, akasubiri mlalo. Gari likageuka limesimama wima, mabega sawa, kama askari anayegeuka paredi. Alipofumbua macho, jiwe lilikuwa nyuma yao.

"Bahati," alisema.

"Eti nini?"

"Nimesema bahati, mama."

Mbele palipopanuka Paskazia akageuza gari, akapanda mlima wote, akageuza tena, akateremka. Kona ile ile. Gari halikulala. Nyuma kwaya ikaanzisha wimbo wa Pasaka, ingawa walikuwa wanakwenda msibani.

"Umelifanya nini gari?" Jonathan aliuliza, sasa kwa sauti ya mtoto.

"Nimerudisha ulichotoa. Unaikumbuka ngo ngo ngo?"

Jonathan akaliinamia sufuria lake mpaka Kisesa.

Nyumbani kwa wafiwa, Paskazia alifungua kitenge, akafunua sufuria mbele ya Jonathan. Ndani ulijaa mchele mkavu.

"Mama! Si ulisema maziwa?"

"Wewe mikono ikiwa mitupu inavuta breki za watu. Nikaipa kazi."

Dorotea alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai, akakumbuka alipo, akajifunika kanga.

Jonathan akanyoosha mkono kama anayetaka kuomba funguo. Ulibaki hewani kidogo, nao mwishowe ukakosa la kuomba, ukashika ukingo wa sufuria. Paskazia akazifunga funguo kwenye pindo la kanga yake, fundo juu ya fundo.

"Wapelekee salamu wenzako," alisema. "Kikao kingine mkikaa, mniite. Nitakuja naendesha mwenyewe, na huyo mjomba anayesinzia nitampitia njiani."