Baba Kwenye Turubai

Maren Tollefson alikwenda chuoni ili awe daktari wa mifugo, na jambo hilo liliwaridhisha wote nyumbani. Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, juu ya kilima huko Iowa, na kila aliyeingia mwaka wa kwanza alilazimika kuonja kila kitu: historia, kemia, falsafa, na somo moja la sanaa. Maren alichagua uchoraji kwa kuwa ndio uliobaki na nafasi. Kufika katikati ya mwaka wa pili, alikuwa ameshaifanya sanaa kuwa somo lake kuu, na ikambidi apige simu nyumbani, Wisconsin.

Baba yake, Orville, alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kama baba yake na babu yake. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kuchora si unaweza kuchora hata hapa nyumbani?" akauliza.

"Siyo hivyo, Baba."

"Haya. Kama moyo wako uko huko. Ngoja nikupe mama yako."

Mwalimu wao wa uchoraji, Ruth Abelman, wanafunzi walimwita kwa jina lake la kwanza tu, lakini hilo halikuwapunguzia woga. Kila wiki kazi zao zilibandikwa ukutani, mwenye kazi akakaa kimya, wenzake wakaichambua huku yeye anasikia. Maren alichora matufaha. Alichora theluji juu ya uzio, na miti.

"Nzuri," Ruth alisema siku moja. "Nzuri kama kalenda ya benki."

Darasa likacheka. Maren naye akacheka, kisha akaenda kulia chooni.

"Rangi unaijua," Ruth alimwambia baadaye, wawili tu. "Ila sijui unaogopa nini."

Mwaka wa mwisho, majani yalipoanza kupukutika, bei ya maziwa ilishuka kiasi kwamba Orville hakuweza kuendelea. Akauza ng'ombe wote. Maren alirudi nyumbani siku ya kuchukuliwa kwao. Malori yalikuja asubuhi, ng'ombe wakapakiwa, wengine kwa kusukumwa, na hadi kufika mchana barabara ilikuwa kimya. Mama yake, Lorna, akamtuma amwite baba yake aje kula.

Alimkuta zizini. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya vyuma ambavyo ng'ombe walizoea kufungiwa, kofia mkononi. Alikuwa analia kama mtoto, mdomo wazi, ila sauti haikutoka. Maren alisimama mlangoni. Alitazama mabega, akatazama mwanga wa dirisha ulivyoangukia sakafu iliyooshwa. Kisha akarudi jikoni taratibu, akamwambia mama yake kwamba baba anakuja.

Majira yote ya baridi, huko chuoni, alimchora baba yake vile alivyomwona zizini. Turubai aliyochorea ilikuwa ndefu kumpita yeye mwenyewe. Alikuwa akisahau kula. Alinuka tapentaini ya kuyeyushia rangi hata kwenye darasa la falsafa, na wenzake wakahama viti. Ule mkono ulioshika kofia aliufuta na kuurudia mpaka ukawa kama mkono wa mtu aliyeshika ndege aliyekufa.

Siku ya kuichambua, wenzake waliacha viti vyao, wakaisogelea. Ruth alisimama mbele ya picha muda mrefu, mikono nyuma.

"Hatimaye umefika," akasema.

Jioni hiyo Maren alikuwa akiosha brashi pamoja na Xiomara, rafiki yake wa Chicago aliyesomea uchongaji.

"Wee, mzee mwenyewe anajua?" Xiomara akauliza.

"Ataiona siku ya maonyesho."

"Maren! Ningemchora hivi baba yangu, angenifuata na mkanda mpaka huku Iowa."

"Baba yangu hayuko hivyo."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Maren akafunga bomba, akasema brashi zimeshatakata.

Maonyesho ya wahitimu yalifanyika Aprili. Orville na Lorna waliendesha gari asubuhi nzima. Orville alivaa koti lake la mazishini, maana hakuwa na jingine la maana. Picha ilikuwa kwenye ukuta unaotazamana na mlango, kwa hiyo aliiona kabla hajamwona binti yake. Akasimama palepale. Watu walimpita kulia na kushoto, glasi na vipande vya jibini mikononi.

Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi mwingine, alitazama picha, akamtazama Orville, akatazama picha tena.

"Jamani, kumbe ni wewe!" Akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, machozi yakimlengalenga. "Pole sana. Pole kwa yote yaliyokupata."

"Asante, bibie," Orville alisema. Akautoa mkono wake pole pole, akatoka nje.

Maren alimkuta kwenye maegesho, ameegemea gari lao.

"Baba."

"Zizi umelipatia," akasema bila kumtazama. "Hata lile bomba lililopinda."

"Nilitaka watu waone mambo yalivyokuwa. Nilitaka—"

"Ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Mama alinituma nikuite uje kula."

"Ukasimama."

"Nikasimama."

Orville alitikisa kichwa, kama mtu anayekubaliana na bei mbaya. "Ungeingia tu, Maren," akasema. Sauti haikuwa na hasira, na Maren angeshukuru kama ingekuwa nayo. "Nilikuwa peke yangu mle ndani. Ungeingia tu."

Lorna alipotoka kuwatafuta, Orville alikuwa ameshawasha gari. Chakula walichopanga kwenda kula mjini hakikuliwa.

Watu walipotawanyika, Maren alimwomba Xiomara amsaidie kuishusha turubai. Ruth akawakuta wameishika, mmoja huku, mwingine kule.

"Kesho jopo linakuja kukutahini," Ruth alisema. "Litatazama nini? Hii ndiyo kazi yako."

"Kazi ni yangu. Sura siyo."

"Kila aliyewahi kumchora mtu amepita hapo ulipo. Hukuanza wewe."

"Wao walifanyaje?"

Ruth alifikiri. "Wengi waliiacha picha ukutani," akasema, akawapisha mlango.

Kesho yake jopo lilitazama matufaha, theluji, na nafasi tupu yenye misumari. Walimpasisha, bila kumpa sifa yoyote ya ziada. Maren alikuwa amejiambia kwamba akishaitoa picha moyo utatulia. Haukutulia. Watu walikuwa wameshaona. Na kitu bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza kilikuwa kimegeuziwa ukuta katika chumba cha Xiomara, nyuma ya makoti.

Kiangazi hicho alirudi nyumbani, kwa kuwa kazi alikuwa bado hajapata. Baba yake hakumnunia. Alimsalimu asubuhi, akampitishia viazi mezani, akamwambia mvua itanyesha. Alimtendea kama mgeni ambaye mtu hataki kumuudhi, na Maren angependelea kununiwa.

Mwezi Julai, Orville aliamua kung'oa vyuma vya zizi ili jirani aweke matrekta yake humo. Maren akavaa glavu, akamfuata bila kuitwa. Walifanya kazi kutwa, yeye akilegeza nati, baba akivuta. Walipofika chuma cha mwisho karibu na dirisha, Orville akasimama, akajipangusa jasho.

"Hapa alikuwa anakaa yule ng'ombe mweusi," akasema. "Mwenye sikio lililochanika. Siku ile alikataa kupanda lori. Nikaenda mwenyewe nikamwita, na aliposikia sauti yangu akapanda. Sasa nilipobaki hapa ndani, nikawa nawaza kwamba yule..."

Maren alikuwa ameshusha spana. Alikuwa akiutazama mwanga wa dirisha ulivyoangukia uso wa baba yake.

Orville akamtazama, akayatazama macho yake, akanyamaza.

"Basi," akasema. "Usije ukachora na hilo."

Lilisemwa kama utani, ila hakuna aliyecheka. Maren alitaka kumwapia kwamba hatachora, lakini kiapo hakikumtoka, maana hakuwa na hakika nacho.

"Shika upande ule," baba yake akasema. Akashika, wakakiinua chuma pamoja, wakakitoa nje.