Mkia wa Ujumbe

Niseme mapema: ile mashine niliifundisha mimi. Asije mtu akaisingizia kompyuta.

Namba yetu ya afya hupokea ujumbe kutoka kila upande wa Mlima Meru, na wauguzi ni wanne tu. Mashine husoma kila ujumbe, huigeuza maana yake kuwa safu ya tarakimu, kisha huupanga: wa hatari juu, wa kusubiri chini. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Halafu wajanja wa mjini wakaishtukia. Mtu ana chunusi, anaeleza chunusi zake, mwishoni anabandika "damu nyingi, amezimia," na papo hapo anapanda juu ya foleni. Mbinu ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na wagonjwa wa kweli wakabaki chini.

Nilikasirika sana. Nilijifungia ofisini kwetu mjini, Sokon One, miezi miwili, nikatunga jumbe elfu kumi za uongo, kila mmoja na mkia wake wa hatari, nikaifundisha mashine isiyumbishwe: mkia usiohusiana na ujumbe wenyewe, iupuuze. Wadanganyifu wakakwama. Mimi na Salwa, muuguzi mkuu, tukanunua soda tukashangilia. Nilijiona bingwa.

Jumanne moja, saa saba mchana, uliingia ujumbe huu kutoka Oldonyo Sambu:

"Salamu sana ndugu wauguzi. Poleni na kazi. Sisi hatujambo, mvua bado haijanyesha, majani yamekwisha. Ng'ombe wawili walipotea, tumewapata. Mungu awabariki kwa msaada wenu. Nosim, mke wa mwanangu, amejifungua alfajiri, mtoto mzima. Damu haijakoma. Ni mimi Mzee Lesikar."

Mashine iliuweka wa mia mbili na kumi. Salwa aliufikia saa kumi na moja jioni. Alipopiga simu, Nosim alikuwa ameshafariki.

Niliusoma mpaka macho yakauma. Baba yangu huongea hivyo hivyo. Kwetu huingii boma la mtu ukaanza na shida yako. Unauliza watu, mifugo, majani, mvua. Kilichokuleta kinakuja mwisho, kwa sauti ndogo. Nimelelewa hivyo. Na katika jumbe zangu zote elfu kumi sikukumbuka kuandika hata mmoja wa mtu wa nyumbani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Siku ya tisa baada ya mazishi nilimwomba Ephraimu, dereva wetu, anipeleke Oldonyo Sambu kwa Mzee Lesikar. Salwa akapanda pia.

"Silantoi, utamwambia nini?"

"Ukweli."

"Haya. Twende wote."

Mzee Lesikar alitupokea nje ya nyumba yake. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini kunisalimu.

"Baba, nimekuja kwa sababu..."

"Kaeni kwanza," akasema. "Wazazi wako hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Na mifugo yao?"

"Ipo, baba."

Aliuliza mvua ya mjini. Aliuliza njia. Kisha akaanza habari zake: nyasi za bondeni, ndama aliyezaliwa juzi, mwanawe aliyekuja kumzika mkewe na kurudi Dar es Salaam kwenye kazi ya ulinzi. Salwa alitazama saa. Mimi nilikuwa nimebeba maneno yangu ya kuomba msamaha. Nilitaka kuyatua hapo hapo, nilie, niondoke. Mara mbili nilifungua mdomo nimkatishe. Nikaufunga, nikasikiliza.

"Basi, huku ni kuzuri," akasema mwishowe, akitazama chini. Sauti ilikuwa imeshuka. "Tunashukuru mmetukumbuka. Ila huyu mtoto wa Nosim, tangu asubuhi hataki maziwa. Amelegea, na mwili ni wa moto."

Nilisimama kabla hajamaliza. Salwa alikuwa ameshaingia ndani.

Siku ile sikuomba msamaha. Nilimpakata mtoto kwenye gari mpaka hospitali, Salwa akimhesabia pumzi, na kiti cha mbele Mzee Lesikar alikuwa akimuuliza Ephraimu habari za nyumbani kwao.