Shimo la Gharibu

Mimi, Yasmini, mwanafunzi wa kidato cha tatu niliyerudi likizo kutoka bwenini, nathibitisha mbele ya umma wa Ruaruke kwamba masika haya jirani yetu Gharibu alikuwa anaiua nyumba ya shangazi yangu.

Gharibu anakaa juu ya kilima, sisi chini yake. Alichimba shimo uani kwake, akaelekeza humo maji yote ya bati lake, akatangaza kwamba hata tone halitashuka tena kwetu. Kweli, njia ya kati yetu haikuonyesha hata kijifereji. Lakini kila iliponyesha, sakafu ya Shangazi Mwanamina ilitoka maji kama jasho, na ukuta wa nyuma, wa udongo, ukazidi kufura tumbo.

"Chemchemi hiyo," Gharibu alisema. "Mshukuru Mungu. Wenzio wanachota mbali."

"Utanizika ningali hai, Gharibu," Shangazi akamjibu.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Sufiani, alikuja, akaitazama njia, akasema haoni maji yanayoshuka. Akanywa chai kwa Gharibu, akaondoka.

Ningeweza kuwafundisha. Juu ya kilima kile ni mchanga, unaokunywa maji bila adabu. Chini ya mchanga ni mfinyanzi, usiopitisha kitu. Maji yakifika hapo huteleza juu ya mfinyanzi, humohumo ardhini, mpaka mchanga unapokwisha. Nao ulikwisha chini ya kitanda cha Shangazi. Lakini mtoto akiwafundisha wazee hula kofi. Basi Gharibu alipokwenda kuswali alasiri, nilichukua rangi ya zambarau ambayo Shangazi hutilia ukili wa mikeka, nikaimwaga yote shimoni kwake.

Mvua ikapiga. Siku ya pili sakafu yetu ikatoka zambarau.

Shangazi alimvuta Sufiani aje aone. Gharibu naye akaja, kucheka tu, akasimama ndani huku maji yakimpaka vidole vya miguu.

"Haya, hii nini?" Shangazi akauliza.

"Rangi. Maji yangu hayana rangi. Hiyo ni ya mikeka yako, imerudi kwa mwenyewe."

"Imepita shimoni kwako!"

"Ahaa! Kumbe hako katoto kako kananitilia uchafu uani. Nitawashtaki."

Sufiani akakuna kidevu, akasema jambo hili ni gumu. Akiwa bado anaueleza ugumu wake, ukuta wa nyuma ukaketi chini. Hakuna aliyeumia, kwa bahati mbaya.

Shangazi hakulia. Alikunja godoro, akabeba jiko na kuku wake, akapanda kilima mpaka barazani kwa Gharibu. Akatandika mlangoni kabisa, mtu asitoke bila kumruka.

"Unafanya nini, we mwanamke?"

"Maji yako yamenitoa kwangu. Nimekuja kukaa yanakotoka. Huku kukavu."

"Toka!"

"Nitatoka shimo likifukiwa, maji yakipelekwa bondeni kwa mtaro, na ukuta wangu ukisimama. Habiba, mwenzangu, huyo samaki kaiva?"

Habiba, mke wa Gharibu, alichungulia, akampakulia Shangazi. Kisha akamkabidhi mumewe jembe.

Gharibu alifukia kwenye mvua, akiutukana ukoo wetu kwa mpangilio, kuanzia babu mpaka mimi. Nami nilisimama kando, kwa heshima zote, nikimwonyesha pembe alizoruka.