Vipande Thelathini na Saba

Mzee Albano alikuwa na neno moja la kummalizia mtu, nalo ni kiraka. Ugali uliopashwa moto ni kiraka. Timu iliyosajili wachezaji wa mkopo ni kiraka. Basi siku aliyomkuta binti yake Jesca barazani kwao Gongo la Mboto, anakunja kitenge juu ya kikaratasi chenye pembe sita, alisimama, akatazama, akalitoa.

"Sanamu yangu haikai juu ya viraka."

Tumwelewe huyu mzee. Ni mchongaji wa mpingo, kazi katoka nayo Newala, na huchonga gogo moja mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaochonga mkono pembeni kisha wakaubandika kwa gundi. Hao hata salamu zao huzipokea kwa shida. Kwake kuunga ni kukiri kosa. Na sanamu aliyoisema ni Bikira Maria, kaichonga miezi minne, na Jumamosi asubuhi ingekaa mezani, maana zamu ya kwao kupokea jumuiya kwa sala ya rozari ilikuwa imefika.

Jesca alitaka kitu kimoja tu: sanamu hiyo ikae juu ya kitandiko alichokishona yeye. Ana miaka thelathini na mbili, ana cherehani chake, nusu ya watoto wa mtaa wanakwenda shule na sare zake, na baba yake hajawahi kumwambia kazi yako nzuri. Hajawahi, hata kwa bahati mbaya.

"Sawa, baba," akasema, akaendelea kushona. Ubishi hakuuokota njiani.

Kazi yenyewe alifundishwa na Sista Noela wa parokiani. Unakata karatasi ngumu za pembe sita, zote sawasawa. Kila moja unaivika kitambaa, unakunja pindo nyuma, unapiga bandi ishike. Halafu unashikanisha vipande ubavu kwa ubavu, kwa mkono, sindano ikichota nyuzi mbili tatu tu za ukingoni. Vikishashikana, bandi unaifumua na karatasi unazitoa. Na karatasi ngumu Dar hii utazikosa vipi, na kadi za michango ya harusi zinaletwa kila wiki? Jesca alikuwa na rundo. Harusi ya Stanley na Gladness walau ilimfaa kwa jambo.

Ijumaa asubuhi vipande thelathini na saba vilikuwa pamoja, kimoja katikati na mizunguko mitatu. Akaanza kuchomoa kadi. Ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, kumi na tisa za ndani zote zikatoka bila ubishi. Alipofika mzunguko wa nje, kadi ikagoma. Akageuza kutazama. Lo! Sindano ilikuwa imepita katikati ya kadi. Ya jirani yake vilevile, na ya pili yake. Mzunguko ule aliushona kwa pupa, na sasa kadi zilikuwa zimeshonewa humohumo.

"Zichane tu uzivute," Mzee Albano akasema kutoka kwenye gogo lake. "Si viraka? Nani atajua?"

Hasira zikampanda Jesca hadi masikioni.

"Nikizichana uzi utalegea, baba. Mie sitoi kazi iliyolegea."

Akachukua mkasi, akafumua mzunguko wote, vipande kumi na vinane, akaanza upya. Patasi ya mzee ikanyamaza. Alivuta kigoda chake, akakaa karibu, akatazama vile vidole vya mwanawe mpaka chai ikapoa. Alasiri kadi zote zilitoka nzima. Jesca akaweka kipande cha blanketi katikati na kitambaa kipya chini, akazishona tabaka zote tatu zishikane, akazungushia ukingo.

Asubuhi ya Jumamosi alikikunja kitandiko akakiacha kwenye kiti. Kubembeleza hakuwezi, na hataki kuweza. Baba yake akaingia, akakichukua, akakitandaza katikati ya meza kwa mikono miwili. Moyo wa Jesca ukafunguka. Kisha mzee akambeba Bikira Maria, akamweka pembeni kabisa, juu ya kitambaa cheupe cha kila siku.

Basi, kakataa. Jesca akaenda kupanga viti.

Wanajumuiya wakaingia, shikamoo kwa shikamoo. Mwenyekiti wao, Mama Genoveva, hajui kuacha jambo lipite.

"Mzee Albano, kitandiko kizuri hivi, mbona Mama Maria umemsogeza pembeni?"

"Nikimweka juu yake," mzee akajibu, "mtaionaje kazi ya mwanangu?"

Jesca alisimama na kiti mkononi, hajui akiweke wapi. Machozi yalimjia na hakuyaficha. Alijivuna nayo mbele ya watu wote.

Mzee hakumtazama. Alikuwa amekiinua kitandiko, anamwonyesha Mama Genoveva maungio yake. "Vipande thelathini na saba. Nitafutie palipolegea. Mie nimetafuta tangu jana."

Mama Genoveva akavaa miwani. Rozari ilichelewa kuanza siku ile, maana kitandiko kilizunguka mkono kwa mkono, na Mzee Albano akikifuata nyuma, akimwambia kila mmoja asikikunje.