Alifika Tisa

Kazi yangu ni kuwavisha watu kofia yenye nyaya na kuangalia mawimbi ya ubongo wao yakichorwa kwenye kompyuta. Mwezi ule tuliwapima watu wanaojifunza kutafakari, tuone kama ubongo unatulia na usingizi unarudi. Nikamleta mama. Miezi saba tangu baba afariki alikuwa hapati usingizi, na mimi nilijiona mjuzi kwelikweli.

"Mama, fumba macho uhesabu pumzi zako. Moja mpaka kumi, kisha unaanza upya."

"Nihesabu pumzi?"

"Ndiyo. Ni rahisi tu."

Alinitazama kidogo, akafumba macho. Mistari ikachafuka papo hapo. Nilikagua nyaya, nikaongeza jeli ya kushikisha nyaya kichwani, nikamwomba alegeze taya, kwa sababu mtu akiuma meno mashine inapokea kelele za misuli. Wapi. Mtafiti mkuu, tunayemwita Bwana Takwimu kwa kuwa hata salamu anaijibu kwa asilimia, alichungulia akasema mshiriki huyu hafai, akaenda zake.

"Mama, mbona unajikaza hivyo?"

"Nimefika tisa," alisema bila kufumbua macho. "Baba yako naye aliishia tisa."

Ni mimi niliyempa mama saa wiki ya mwisho ya baba, nikamwambia ahesabu baba anapumua mara ngapi kwa dakika, aniandikie, maana nilikuwa kazini. Mstari wa mwisho aliandika tisa. Karatasi ile ninayo hadi leo, na bado nilikuwa nimempa kazi ileile, tena kwa tabasamu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nisamehe, mama. Ngoja nikuvue."

"Usinivue. Kaa hapa karibu." Akanipapasa mgongo, akatuliza kiganja chake hapo. "Nitahesabu zako."

Nilijitahidi kupumua vizuri. Alihesabu kwa sauti ya chini. Tisa. Kumi. Akaanza upya. Mara ya tatu taya likalegea, kelele zikapungua kwenye kioo cha kompyuta, na mawimbi ya utulivu yakaanza kuja moja moja. Mara ya sita hakumaliza kuhesabu.

Bwana Takwimu akarudi. "Amelala huyo. Utaratibu unasema mshiriki akilala aamshwe."

"Thubutu umguse," nilimwambia, nikaendelea kupumua.