Nyonga ya Baba Mkwe

Siku hiyo mpumbavu alikuwa Zarlyk, na hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Mwenyewe husema hivyo hata kabla hajaulizwa, kwa sababu akichelewa kidogo shemeji yake Begayim, ndugu wa mkewe, atamsemea, na Begayim huongeza chumvi.

Zarlyk alikuwa daktari wa mifupa mjini Naryn. Mifupa ya binadamu aliijua yote kwa majina, kuanzia mtulinga begani hadi kilegesambwa gotini, hadi vile vijifupa vya kifundo cha mguu vilivyorundikana kama kokoto. Majina hayo aliyapata kwa jasho. Alipokuwa mwanafunzi alijilipia masomo kwa kubeba magunia ya unga kwenye kiwanda cha mikate, na magunia yalimfundisha sehemu ambayo walimu waliiruka: kila alipoinua gunia, pingili za mgongo zilijitambulisha kwake moja moja.

Baba mkwe wake, mzee Sagynaly, mfugaji wa farasi kule bonde la At-Bashy, alikuwa akichechemea. Picha ya eksirei haikuacha shaka. Gegedu la nyonga lilikuwa limelika lote, kichwa cha fupa la paja kinasagana na kikombe chake mfupa kwa mfupa, na pembeni pameota vijifupa vikali kama miiba. Madaktari wana jina refu la ugonjwa huo. Sagynaly aliuita "baridi imeniingia". Msuli wa paja lile ulizidi kunywea, na siku hizi mzee alipanda farasi kwa kusukumwa makalio na vijana wa jirani, jambo ambalo watu wote walijifanya hawalioni.

Hospitali moja ya Bishkek ilikuwa imekubali kumwekea kiungo bandia wiki ile. Akiikosa nafasi hiyo angengoja hadi mwaka mwingine, na huo mwaka mwingine huenda hata kusukumwa kusingesaidia. Kwa Sagynaly, kukaa chini akitazama farasi wake wakipandwa na wengine hakukuwa na tofauti kubwa na kufa.

Basi familia ikapanga. Achinjwe kondoo, aalikwe jirani Mamyrkul ambaye mzee humsikiliza, watu wale washibe, kisha Zarlyk amshawishi mzee, ambaye habari za Bishkek alikwisha kuzisikia bila kuzijibu. Asubuhi gari lingekuja kumchukua.

"Wewe ndiye mtu wa mifupa," mama mkwe, Bi Uulkan, akamwambia Zarlyk huku akimkabidhi kisu. "Leo utagawa wewe."

Zarlyk alikuwa hajawahi kugawa nyama maishani mwake. Alilelewa kwenye nyumba ya watoto yatima, ambako nyama ilifika ndani ya supu ikiwa haina jina wala ukoo. Na kwa wakwe zake siku zote alikuwa mgeni: alipewa, akala, akashukuru. Lakini kukataa aliona haya, na isitoshe alijiamini. Ni nani angemfundisha yeye mifupa?

Kukata hakukumshinda. Kisu kilipita katikati ya viungo, kikachana kano na kuacha kila mfupa mzima, bila hata mkwaruzo, kama inavyotakiwa.

"Mkwe wenu huyu angefaa kuwa mchinjaji," alisema Mamyrkul.

"Ndiyo kazi yangu hiyohiyo, baba," akajibu Zarlyk. "Tofauti ni kwamba wangu huamka."

Mamyrkul akacheka mpaka akashika mbavu. Sagynaly, aliyekaa mahali pake pa heshima kuuelekea mlango, naye akatabasamu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na hapo ndipo mtu anapotakiwa kuogopa.

Nyama ilipoiva, mfupa wa mwisho wa mgongo alipewa Bi Uulkan. Huo Zarlyk aliupatia, kwa sababu Begayim alimwonyesha kwa macho. Kisha Begayim akatoka kwenda jikoni kutazama tambi, na Zarlyk akabaki na akili yake peke yake.

Alitazama nyonga ya kondoo. Ilinona, mafuta yanachuruzika. Akamtazama baba mkwe, ambaye majira ya kuchipua yaliyopita kidole gumba cha mguu wake kilivimba kwa jongo, kikawa chekundu hata soksi isiweze kukigusa. Mtu wa jongo na nyama ya mafuta wapi na wapi? Akamtazama Mamyrkul: mwembamba kama fito, viungo vyake vinaitika vyote. Basi Zarlyk, kwa upendo wote wa kitabibu, akamwekea Mamyrkul nyonga, na mbele ya baba mkwe wake akauweka muundi, mfupa mkavu wa chini ya goti, wenye nyama kidogo na safi.

Sagynaly akautazama ule muundi kwa muda. Akasema bismillahi, akala kidogo, akazungumzia majani ya mwaka huu jinsi yalivyochelewa. Mamyrkul hakugusa kitu. Alikaa na nyonga yake mbele kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu.

Zarlyk hakuona lolote. Chai ilipomiminwa, akajikohoza.

"Baba, nilitaka tuzungumze kuhusu nyonga yako."

"Nyonga yangu?" Sagynaly akaelekeza kidevu kwa jirani. "Ile pale. Muulize Mamyrkul."

Begayim, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, akapaliwa na hewa. Akaliweka sinia chini, akachukua birika la kunawia mikono, akasema halina maji na kwamba ni zito, na shemeji yake aje amsaidie.

Huko nje akamgeukia.

"Shemeji, ulipokuwa unasoma, kuna siku walikupiga kichwani?"

"Nimefanya nini?"

"Nyonga ni ya mkubwa wa nyumba. Muundi ni wa vijana ambao hata ndevu hawajaota. Umemwambia baba, tena mbele ya jirani aliye mdogo kwake kwa umri, kwamba zamu yake imekwisha."

Masikio ya Zarlyk yakawaka moto. "Nilimwepusha na mafuta. Ana jongo."

"Ulimweleza yeye, au uliueleza muundi?"

Zarlyk akachungulia mlangoni. "Nikaibadilishe?"

"Mfupa ukishatolewa haurudi," alisema Begayim, akambwagia birika mikononi. "Rudi wewe."

Akarudi. Akapiga magoti mbele ya mzee, birika bado mkononi, kwa kuwa hakujua aliweke wapi.

"Baba, nisamehe. Nilikolelewa mimi hakuna aliyewahi kugawiwa mfupa wake. Leo nimekugawia kama mgonjwa, si kama baba. Nilisahau kwamba kabla ya kuwa mgonjwa wangu ulinipa binti."

Sagynaly akalichukua lile birika, akaliweka pembeni.

"Inuka. Hilo limekwisha. Hata mimi siku ya kwanza kwa wakwe zangu nilikaa mahali pa bibi." Akanywa chai. "Lakini Bishkek siendi."

Mamyrkul, aliyekuwa ameanza kuinyemelea nyonga, akarudisha mkono.

"Kama umenisamehe, kwa nini huendi?" aliuliza Zarlyk.

"Kwani muundi ndio uliniuma? Kuna swali nilitaka kukuuliza tangu ulete ile picha. Hicho kichwa cha paja mkishakikata, mnakipeleka wapi?"

Zarlyk alikwishakata vingi. Hukiweka kwenye bakuli la chuma, muuguzi hulichukua bakuli, mlango hufungwa. Hakuwahi kuufuata mlango ule.

"Sijui," akasema.

"Hujui. Kondoo huyu, Begayim ataokota kila mfupa wake, mbwa asiuburute njiani. Kondoo. Na mfupa wangu mimi hujui uendako."

Zarlyk akaona hapa ndipo palipouma, na kwamba hakuna picha ya eksirei ambayo ingepaonyesha. Akasogea karibu.

"Nitauliza, baba. Nitaingia chumba cha upasuaji pamoja nao, nitausubiri, nitauleta hapa mwenyewe umefungwa kitambaa cheupe. Utauzika unapotaka."

"Halafu iweje? Kipande kitangulie, mimi nifuate?" Sagynaly akatikisa kichwa polepole, bila hasira. "Nilikuja mzima. Nitazikwa na mifupa yangu yote, hata kama inasagana."

"Hapo ana haki," alisema Mamyrkul, ambaye alialikwa kusaidia.

Bi Uulkan, ambaye muda wote alikuwa akimimina chai, akaweka buli chini.

"Baba Begayim," akamwita mumewe, "magego yako yako wapi?"

"Magego gani?"

"Uliyoyang'oa kwa koleo la kwato, ukayatupa nyuma ya zizi."

"Meno si mifupa," alisema Sagynaly, akamgeukia mkwe wake. "Mwambie, daktari."

Zarlyk, ambaye kuhusu jambo hilo angeweza kutoa somo zima, akainamia bakuli lake la chai kana kwamba kuna kitu kimezama humo.

"Yawe mifupa, yasiwe mifupa, yalikuwa yako na hukuyasomea hata dua," alisema Bi Uulkan. "Kama kweli huwezi kufika kaburini ukiwa pungufu, basi amka mapema ukayatafute, maana gari likifika halitakungoja."